Mama Mvuke na Seti ya Jumamosi

Kazi ya Mama Mvuke haikuwa ya kuonekana, na siku ikionekana ujue kuna jambo limeharibika. Ndiye aliyekuwa akiosha, kuhesabu, kufunga na kupitisha kwenye mvuke vyombo vyote vya chumba cha upasuaji: mikasi, visu, koleo za kubania mishipa, ndoano za kuvutia ngozi pembeni. Miaka kumi na minane alikuwa kwenye kile chumba cha joto nyuma ya hospitali, hata jina lake la kuzaliwa wakalisahau mpaka walinzi wa getini.

Kila seti ya vyombo hufungwa kwa vitambaa viwili vya kijani, kisha hubandikwa utepe. Utepe huo huingia mashineni ukiwa mweupe. Mvuke ukishafanya kazi yake sawasawa, hutoka na mistari myeusi, na kuanzia hapo hakuna wa kukifungua kile kifurushi ila mtu mwenye glavu safi, mezani kwa daktari. Somo hilo yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wageni wote wa kazi, kidole kikiwa juu. "Amini utepe. Ukifungua kuhakikisha, umeshaharibu." Walimwogopa, na wakalishika.

Kufundisha alijua. Kuamini ndiko kulikomshinda, na si utepe peke yake. Mama Mvuke alikuwa mtu wa kanisa, tena si mchezo. Ijumaa alifagia kanisa, Jumapili alifika kabla ya mwenye funguo. Alifunga Jumatano, na kama Jumatano ilimpita bila njaa ya kutosha, aliongeza na Alhamisi. Akisali, orodha ya aliyoyafanya ilitangulia, maombi yakafuata nyuma kwa aibu. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo alivyosema, na alilisema hata kwa habari za Mungu, kama vile Mungu naye ni afisa wa dirishani.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa na miaka kumi na tisa na alisomea ualimu wa chekechea. Kwa uvivu wa vyombo alikuwa hana mfano. Sufuria aliyoilowesha asubuhi ungeikuta jioni bado inalowa, na mwenyewe yuko kitandani anakata makaratasi ya rangi. Lakini mdomo alikuwa nao.

"Mama, Mungu alipumzika siku ya saba," alimwambia mara moja, alipomkuta anapiga pasi vitambaa vya meza ya Bwana kwa mara ya pili. "Wewe mwenzetu umemzidi?"

"Osha sufuria kwanza, ndipo unihubirie."

Mtoto alicheka, na sufuria hakuiosha. Wala hakujua kilichokuwa kikimkimbiza mama yake.

Kilikuwa hiki. Mwezi wake wa tatu kazini, siku moja ya Jumamosi, Mama Mvuke alitaka kuwahi mazoezi ya kwaya. Mashine ilikuwa bado na nusu ya muda wake. Aliizima, akatoa seti, na kwa kuwa utepe haukuwa umebadilika, alibandika juu yake utepe wa zamani uliokwisha kupata mistari. Akaenda akaimba. Seti ile ilitumika kwa mwanamke mmoja mshonaji wa nguo, na kidonda cha yule mwanamke kikaoza. Wiki tano alilala wodini akinuka, na Mama Mvuke alipita mlangoni pake kila siku na sinia mkononi. Mwaka mzima alinyamaza. Siku aliposhindwa, alikwenda kwanza kwa wakubwa wa kazi, wakamwadhibu, kisha akaenda nyumbani kwa mshonaji, akapiga magoti kwenye vipande vya nguo akasema yote.

Mshonaji alikuwa na haki ya kumfukuza. Badala yake alisema, "Nimekusamehe. Yameisha. Inuka, utachomwa na pini."

Mtu mwingine angelia, akainuka, akaenda zake. Mama Mvuke aliinuka akatafuta beseni. Kuanzia wiki ile, kila Jumamosi alikwenda kumfulia mshonaji nguo. Mshonaji alikataa, akabembeleza, akakasirika, hatimaye akaanza kuficha nguo chafu. Alizificha chini ya kitanda, Mama Mvuke akaziona. Alizificha kwa jirani, Mama Mvuke akapiga hodi kwa jirani. Miaka kumi na saba mtu mzima anafichwa nguo chafu kama peremende, wala hajiulizi. Ile "yameisha" aliisikia vizuri siku ile ile. Ila hakuiamini hata kidogo.

Sasa Jumatatu moja, saa mbili asubuhi, alikuwa kwenye sinki pamoja na mwenzake wa kazi, kijana mtu mzima aliyeitwa Twiga kwa urefu wake. Twiga alikuwa na miaka tisa pale, na alikuwa na mambo mawili yaliyomkera Mama Mvuke: alipiga mluzi kazini, na kila utepe aliobandika aliuchorea twiga mdogo pembeni badala ya kuweka sahihi kama watu. Seti kubwa za tumbo zilikuwa mbili tu hospitali nzima. Moja ilikuwa imetumika alfajiri kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, na ndiyo iliyokuwa kwenye sinki. Ya pili ilikuwa stoo, imefungwa na Twiga Jumamosi, siku ambayo Mama Mvuke alikuwa kwa mshonaji akitafuta nguo.

Mlango ulifunguliwa, nesi wa mapokezi akachungulia.

"Mama Mvuke, vua hayo magwanda uje. Jirani yako amemleta binti yako. Tumbo."

Alimkuta kitandani, amejikunja, midomo imekauka. Daktari alimbonyeza upande wa kulia chini, akaachia, na binti akatoa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia tangu siku alipomzaa.

"Ni kidole tumbo," daktari alisema. "Kimevimba vibaya, na kikipasuka tutakuwa na habari nyingine. Nataka awe mezani saa tatu na nusu."

Karani alikuja na fomu. "Wewe ni nani kwa mgonjwa?"

"Mimi ndiye ninayeshughulikia vyombo vya..."

"Sikuulizi kazi. Kwa mgonjwa."

"Mama yake."

"Basi sema hivyo." Akaandika.

Binti alimshika mkono walipoanza kumsukuma. "Mama, usiende kusumbua watu huko ndani."

"Siendi popote."

"Nakujua. Kaa tu."

Nesi Mkuu wa upasuaji, mama mnene asiyepaza sauti hata paa likiungua, aliwasimamisha mlangoni akaonyesha benchi la mbao ukutani. "Dada yangu, leo wewe si mfanyakazi. Leo wewe ni mama wa mgonjwa. Kaa hapa, mengine tuachie."

Alikaa. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu kamili. Mikono ikaanza kutafuta kazi yenyewe. Alikunja kitambaa chake cha kichwa, akakikunjua, akakikunja tena. Alisali, lakini sala ikageuka kuwa mapatano: nitafunga siku kumi, Bwana, siku ishirini, nitaongeza wodi ya wazee. Hata alipofika siku arobaini hakuona kama imetosha. Kisha wazo likaingia, na likiingia kwa mtu kama yule halitoki. Seti itakayotumika ni ya Twiga. Twiga wa mluzi. Je, kama siku ile alikuwa na haraka? Yeye alijua haraka ya Jumamosi inavyoweza kufanya. Hakuna aliyeijua kuliko yeye.

Dakika tano alizimudu. Ya sita aliinuka.

Stoo ya vyombo safi ilikuwa mwisho wa korido. Hakuna aliyemwuliza, maana nani amwulize Mama Mvuke njia ya stoo? Upande wa pili wa ukuta mashine ilikuwa ikinguruma, wala hakulitilia maanani. Seti ilikuwa rafu ya kati. Utepe ulikuwa na mistari, myeusi, iliyonyooka. Tarehe ya Jumamosi. Twiga mdogo pembeni, anatabasamu.

Mistari ile ilikuwa sawa kabisa, naye alikuwa na jicho la miaka kumi na minane. Lakini alijua pia kwamba utepe unaweza kusema uongo, kwa sababu aliwahi kuufanya useme. Ndani kabisa ya seti huwekwa kikaratasi cha pili cha kipimo. Hicho hakidanganyi. Akivute kitambaa kidogo tu, akione hicho kikaratasi, moyo utulie. Kidogo tu.

Alibandua utepe. Akafungua kitambaa cha kwanza, akafungua cha pili, na kwa kidole chake kitupu akasogeza koleo mbili kutazama chini.

Kikaratasi kilikuwa cheusi tii. Vyombo vyote thelathini na kimoja vilikuwa mahali pake, vimepangwa vizuri kuliko ambavyo yeye mwenyewe angevipanga, mikasi imefunguliwa midomo ili mvuke upite. Twiga hakukosea hata kimoja. Kwa pumzi moja Mama Mvuke alifurahi, kweli alifurahi. Halafu akauona mkono wake.

Mkono wake ulikuwa ndani ya seti.

Mkono uliotoka kushika mlango, fomu, benchi na kitambaa cha kichwa. Seti iliyokuwa safi dakika moja iliyopita haikuwa safi tena, na aliyeichafua ni yeye, kwa kutafuta usafi. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi na mbili. Kuosha, kufunga, mvuke na kukausha, hata ukimbizwe na simba, ni zaidi ya saa nzima. Na seti nyingine, kwa alivyojua, ilikuwa ingali na damu kwenye sinki.

Utepe ulikuwa bado kwenye vidole vyake, mzima, na mistari yake. Ungeshika tena. Vitambaa angevikunja kwa mikunjo ile ile, hilo alilijua hata gizani. Nani angejua? Kidole kimoja tu, na pengine hakikuwa na kitu. Mwanawe angekuwa mezani kwa wakati, kile kidole tumbo kisingepasuka. Na kama kidonda kingeoza? Wiki tano. Alikumbuka harufu ya ile wodi. Alikumbuka sinia mkononi mwake, na miguu yake ikipita mlangoni bila kusimama.

Alisimama pale na ule utepe muda ambao baadaye hakuweza kusema ulikuwa mrefu kiasi gani. Siku zote alidhani mtu aliyefanya lile jambo la kwanza alikwisha kufa, kafukiwa chini ya Jumatano na Alhamisi zote zile na mabeseni yote yale. Kumbe alikuwa hai, amesimama stoo, anajua kukunja vitambaa. Mambo yote aliyoyatenda hayakumbadilisha hata ukucha. Hilo lilimwuma kuliko hofu. Akasema kwa sauti, si sala ya orodha, sauti tu ya mtu aliyekwama, "Bwana, sina kitu. Nihurumie." Akautupa utepe sakafuni ili asiweze kuutumia, akatoka.

Nesi Mkuu alikuwa akinawa.

"Sista, nimefungua seti ya tumbo."

Maji yaliendelea kutiririka. "Umegusa ndani?"

"Nimegusa. Bila glavu. Ilikuwa safi, kila kitu kilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeichafua."

Nesi Mkuu alifumba macho. Hakumtukana, na Mama Mvuke alitamani atukanwe. "Tuna nini kingine?" aliuliza. "Ya alfajiri iko wapi?"

"Iko kwenye sinki. Niliiacha kwenye..."

Alikatishwa na mluzi. Twiga alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha mvuke, glavu nene za moto mikononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa mluzi ule haukumkera mtu.

"Haiko kwenye sinki," Twiga alisema. "Iko ndani ya mashine tangu saa tatu kasoro dakika kumi na tano. Inakauka sasa hivi. Saa tatu na nusu naifungua, itoke na mistari yake."

Hapo ieleweke kwamba mashine ile hailishwi seti moja. Sheria, iliyoandikwa na Mama Mvuke kwa mkono wake na kubandikwa ukutani, ilisema isubiriwe ijae, na kwa kawaida haikujaa kabla ya saa sita. Kulipakia dude lile kwa ajili ya kifurushi kimoja lilikuwa kosa la kuandikiwa barua.

"Nani alikuambia uipakie?" Mama Mvuke aliuliza.

"Hakuna. Nilisikia ni binti yako." Twiga alikuna shingo kwa ile glavu. "Mama, miaka tisa nafanya kazi na wewe. Nilijua utaifungua."

"Ulijua?"

"Kabla wewe hujajua. Sasa kukuzuia ningeweza? Nikaona niandae nyingine."

Nesi Mkuu alifunga maji. "Utaandika ripoti," alimwambia Mama Mvuke, "na barua utapata. Wewe, Twiga, yako tutaizungumza. Sasa dada, lile benchi. Safari hii kaa."

Safari hii alikaa. Saa tatu na nusu na dakika nne mlango ulifungwa, taa nyekundu ikawaka, na hapakuwa na kitu chochote duniani ambacho mikono yake ingeweza kufanya. Hakuwa ametulia, msidhani. Kila kiatu kilichopita kwenye korido kilimrusha moyo. Dakika ishirini zilipita, thelathini. Mara moja nesi alitoka mbio akarudi na chupa ya maji ya dripu, wala hakumtazama usoni, na Mama Mvuke akaufungua mdomo kuahidi siku arobaini.

Aliufunga. Siku arobaini za nini? Alijiona ndani ya ile stoo, mkono mtupu, mchafu, na kabla hajaunyoosha, mtu mwingine alikwisha kuwasha moto kwa ajili ya kosa lake. Hakustahili. Hata kuomba hakuomba. Akamfikiria binti yake pale mezani, yule mvivu, na sufuria ambayo bila shaka ilikuwa inalowa nyumbani hadi saa ile. Je, alikuwa amewahi kumpenda yule mtoto kwa sababu ya sufuria? Kama angeamka na asioshe sufuria tena mpaka kiama, angekuwa si mwanawe? Karani hakuwa amemuuliza anafanya nini. Aliuliza ni nani.

"Baba," alisema, na neno hilo alilokuwa akilisema tangu ubatizo wake lilimtoka kama la mtu mwingine. Alilia. Hakuongeza kitu juu yake. Aliweka viganja vyake mapajani, vitupu, na hofu yake ikakaa naye pale pale kwenye benchi, nayo ikasubiri.

Saa tano kasoro robo Nesi Mkuu alitoka na barakoa imeshuka kidevuni.

"Kilikuwa kimebakiza kidogo sana kupasuka. Tumekiwahi. Anaendelea vizuri."

Jioni binti alifungua macho, akayazungusha mpaka akampata mama yake.

"Ulikaa?"

"Mwanzo sikukaa," Mama Mvuke alisema. "Nitakuambia yote. Mwishoni nilikaa."

Barua ilitoka siku ya tatu: wiki mbili asiingie chumba cha mvuke. Zamani angeugua kwa aibu. Aliisoma mara moja, akaikunja, akamwachia Twiga ufunguo wa stoo, na akamwomba msamaha kwa kutoiamini seti yake ya Jumamosi na kwa miaka tisa ya kumhesabia upya vyombo vyake. Twiga alisema alikuwa anajua hilo pia.

Jumamosi alikwenda kwa mshonaji. Alipopiga hodi alisikia mle ndani nyayo za haraka, droo ikisukumwa, kitanda kikilia. Kisha mlango ukafunguliwa, na mshonaji, amezeeka sasa, miwani kwenye paji la uso, akamtazama mikono. Hakuwa na sabuni. Hakuwa na hata kikapu.

"Leo umekuja na nini?"

"Sikuja na kitu. Nimekuja kukaa."

Mshonaji aliondoa vitambaa kwenye kiti, akaokota pini mbili, akampisha. Mama Mvuke akakaa. Walitazamana, nao walikuwa hawajawahi kutazamana namna ile tangu siku ya magoti.

"Lile jambo," Mama Mvuke alisema, "uliniambia yameisha."

"Nilikuambia."

"Nimesikia."

Mshonaji alivua miwani akaifuta kwa ukingo wa nguo, muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Miaka kumi na saba," alisema. "Na wiki hii ndiyo nilikuwa na mashuka ya wageni, na mapazia. Mlima mzima uko chini ya kitanda. Siku nguo zimejaa ndiyo umeamua kusikia?"

Mama Mvuke alicheka mpaka akashika mbavu, wala hakuinuka kwenye kiti.